Minara Minne ya Sukari

Tanja, 11 Oktoba 2012

Kwa Shangazi yangu Rhimo, aliyenilea,

Amani ikufikie hapo ulipo. Nabusu mkono wako, na kichwa chako, na ile kofia yako ya majani usiyoivua hata ukisinzia. Sisi wazima. Mfaddal anakusalimu, bado anapata vibarua vya ujenzi, wiki hii yumo, wiki ijayo hayumo. Duha ameota meno ya juu na anayajaribia kwangu pale pale ninapomnyonyesha, halafu anacheka. Mama mkwe anasema hiyo ni dalili ya mtoto mwenye akili. Mimi nasema ni dalili ya mtoto mwenye meno.

Usiushangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Mwalimu wenu wa madarasa ya kina mama pale msikitini akiuona atasema binti yako arudi darasa la kwanza. Wewe sasa unaandika vizuri kunishinda.

Mkono wa kulia kidonda kimefunga, lakini umekuwa kama mkono wa mtu mwingine, nimeazimwa tu. Unga naukanda kwa ngumi. Vifungo vya gauni la Duha vinanishinda. Kuna jambo sijamwambia hata Mfaddal: nikiswali, nikifika kwenye tahiyatu, kidole cha shahada kinainuka nacho hakipo. Nakisikia kabisa kinainuka. Basi nasema, ee Mola, umekiona, inatosha.

Sasa neno lililonikalisha hapa. Kesi imepangwa Januari. Wakili wetu, Bi Lubna, ni msichana mdogo lakini mkali kama pilipili kavu. Amenisomea majibu ya kiwanda. Wanasema kile kifuniko cha usalama cha mashine ya kubanisha vichwa vya nyaya kilitolewa na mimi, kwa uzembe wangu, nipate kumaliza haraka nikamnyonyeshe mtoto. Wamemtia na Duha kwenye kesi, Shangazi! Wakiaminiwa, fidia itakatwa mpaka ibaki ya kununulia bandeji.

Nawe unajua, nilikusimulia hospitalini. Bwana Layashi, mnyapara wetu, ndiye aliyeagiza vifuniko vitoke wiki ile, maana magari ya Ulaya yalikuwa yanangoja nyaya, na kifuniko kinachelewesha mkono. Sukaina alikuwa mashine ya jirani, alisikia kwa masikio yake. Bi Lubna anasema Sukaina akisimama tu akasema alichosikia, nimepona.

Lakini Sukaina hapokei simu zangu. Nakuomba uzungumze na mama yake, Tamu, hapo kijijini. Mwambie simwombi mwanawe agombane na mtu. Aseme kweli, akae.

Nina matumaini mazuri, Shangazi. Nikipata haki yangu nitanunua cherehani ya kukanyaga. Nimejaribu ya jirani: kushoto kunaongoza kitambaa, kulia kunasukuma. Kunasukuma vizuri tu.

Barua nampa Allal wa gari la soko la Jumanne. Usihangaike kupiga simu, najua mpaka upande kwenye tangi la maji ndipo upate mtandao, na pale tangini kila mtu ana masikio.

Mwanao,
Hasnaa


Dar Zituna, 6 Novemba 2012

Hasnaa, damu ya kaka yangu,

Mungu amrehemu baba yako na akupe wewe nguvu alizomnyima yeye. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mara ya kwanza nilisoma maneno, mara ya pili nikaelewa, mara ya tatu nikalia. Kisha nikaenda kumkamua mbuzi, maana yeye hajui barua.

Idi imepita salama. Mkono wa kondoo niliwapa majirani, nikikaa peke yangu nayo nyama inanisikitisha. Zeituni mwaka huu ni nyingi lakini ndogo ndogo. Punda amepiga teke ukuta wa fakihi, ukuta umeanguka, na fakihi anasema ni makusudi. Ya punda.

Nyumba yangu ilipata wageni. Bwana Layashi alikuja kwao kula Idi, akapita kwangu na wazee wa heshima, fakihi mwenyewe akiwemo. Wakaomba dua ndefu kwa ajili ya mkono wako. Anakuulizia kwa wema. Anasema huko kiwandani kuna kazi ya kupanga maboksi, ya kukaa, wanapewa walioumia. Mwanangu, si kila mlango uufunge kwa kisigino. Aliyekupeleka kazini siku ya kwanza alikuwa yeye.

Tamu nimemwona kisimani. Alikuwa na haraka.

Nakuletea mafuta ya zeituni chupa mbili, tini kavu, sabuni, na kipande cha sukari kwa ajili ya chai, kimo ndani ya karatasi ya buluu. Msiache kunywa chai yenye sukari, inatuliza.

Shangazi yako,
Rhimo


Tanja, 2 Desemba 2012

Shangazi kipenzi,

Salamu zilizojaa mpaka mdomoni mwa gunia. Duha ametembea! Alishika ukingo wa kitanda, akauacha, akaja hatua za mlevi, akaangukia mapajani kwangu. Nikapiga kigelegele mpaka jirani wa juu akadhani kuna harusi. Nikawaita wote, nikachemsha birika kubwa, nikavunja ile sukari yako. Mfaddal alisema, "Leo chai ina kijiji ndani yake." Tulikunywa yote.

Baada ya hapo sina la furaha. Daktari wa mahakama aliushika mkono wangu kama mtu anayechagua samaki. Akaniambia, "Kunja." Nikakunja vilivyopo. "Kunja vyote." Nikamtazama tu. Naye akaona haya kidogo, akaandika.

Nilipotoka huko nilimngoja Sukaina kwenye kituo cha basi la kiwanda. Ameshuka, ameniona, akageuza uso.

"Sukaina, mimi si jini."

"Usinisogelee. Basi linatuona."

"Basi lina macho?"

"Hili lina macho mawili na masikio hamsini."

Nikamwambia namwomba neno moja tu mbele ya hakimu. Akacheka, lakini si kicheko chake ninachokijua. "Unanitaka mimi nifungue mdomo, na ninyi mmeshafunga wenu? Mnataka Layashi anitoe kazini, halafu kijiji kiseme binti ya Tamu ndiye aliyevunja suluhu?"

"Suluhu gani?"

"Kamuulize shangazi yako mnakunywa chai ya sukari gani."

Akaondoka. Shangazi, nimelibeba neno hilo siku nyingi na sijui niliweke wapi. Nakuuliza kama nilivyokuuliza nikiwa mdogo mama yangu ameenda wapi. Siku ile ulinijibu. Nijibu na leo.

Hasnaa


Dar Zituna, 25 Desemba 2012

Hasnaa,

Salamu. Mvua haikati. Njia imekatika chini ya kinu na Allal hajapita soko mbili mfululizo. Mbuzi anakohoa. Nimefurahi Duha ametembea, umfunge hirizi ya jicho, wale majirani wa juu siwajui.

Watu wana midomo. Ulimi wa Sukaina ulikuwa mrefu tangu utotoni.

Mwalimu anasema barua ikikosa neno ni bora iishe.

Rhimo


Tanja, 29 Januari 2013

Shangazi Rhimo,

Amani iwe kwako. Duha ana kikohozi, si kikubwa. Mfaddal amekaa nyumbani wiki mbili kwa mvua.

Jana tulikuwa mahakamani. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, Duha mgongoni, mpaka watu wote wakaanza kumfahamu. Mlinzi alimpa kipande cha mkate. Tulipoitwa, wakili wa bima ya kiwanda akasimama, amepaka mafuta nywele, akasema kwa sauti ya upole, "Mheshimiwa, hawa ni watu wa sehemu moja. Jambo hili walishalimaliza kwao kwa mila zao. Mnyapara alipeleka sukari, na nyumba ya mlalamikaji ikaipokea. Aliyesamehe hadai."

Bwana Layashi alikuwa nyuma, ameshika tasbihi.

Bi Lubna aliruka kama paka. Alisema sheria haijui sukari, fidia ya kazini haifutwi kwa chai, na kama kuna karatasi ya suluhu waitoe. Hawakuitoa, haipo. Hakimu akamwambia yule wakili, "Hapa hatuamui harusi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Sukaina hakuwepo. Jina lake liliitwa mara tatu ukumbini na kila mara nikageuka.

Kesi imeahirishwa mpaka Machi. Bi Lubna ananiambia sheria iko upande wetu, lakini hakimu hawezi kuandika alichosikia Sukaina kama Sukaina hakisemi.

Shangazi, mimi nimekulia mlangoni kwako. Nawajua wanaokuja na minara ya sukari ngumu iliyofungwa karatasi ya buluu, nawajua wanachotaka kabla hawajavua viatu. Kwa nini hukuniambia? Na kile kipande ulichoniletea! Nilikipiga nyundo mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu, nikashangilia hatua za mwanangu. Nimewasamehe kwa kikombe, bila kujua.

Sina hasira. Nimeandika hivyo nikafuta, nikaandika tena. Nimechoka tu. Mtu akichoka hasira nayo inahitaji nguvu.

Hasnaa


Dar Zituna, 20 Februari 2013

Mwanangu Hasnaa,

Kabla ya salamu nakuomba radhi, na baada ya radhi nakusalimu.

Walikuja siku ya tatu ya Idi. Fakihi mbele, Layashi nyuma, Bushta baba yake katikati. Wakaweka sukari kizingitini. Fakihi akasema, "Hii ni ya mgonjwa." Ya mgonjwa huwa mnara mmoja, Hasnaa. Ya mtu aliyeonewa, anayeombwa anyamaze, huwa minne. Niliiona minne. Nikajifanya sijui kuhesabu.

Layashi alisema utakaa kwenye maboksi, mshahara ule ule, na kivuli. Nikawaza Mfaddal na vibarua vyake. Nikawaza mahakama inakula watu miaka. Nikasema moyoni, bora mtoto apate mkate leo kuliko haki atakayorithi Duha. Nikaiingiza ndani. Minara mitatu niliificha kwenye sanduku la nafaka, wa nne niliuvunja kuwachemshia chai, kwa sababu wageni wameketi na mimi ni mwanamke wa heshima. Katika kilichobaki nikakugawia kipande. Kazi ya maboksi haikuja, na sasa najua haikuwepo.

Barua yako ilipofika niliisoma mara moja tu. Usiku huo hata mbuzi sikumkamua.

Jana Jumanne nilimpandisha punda mzigo. Nikavaa kitambaa changu cha mistari myekundu, kile cha sikukuu. Kilichopokelewa mbele ya wazee kinarudi mbele ya soko. Bushta alikuwa hemani kwake, kwenye unga na chumvi na sukari ile ile, maana ilitoka hapo hapo. Wazee wamemzunguka. Nikaipanga miguuni pake: mitatu mizima, na nusu ya wa nne kwenye leso.

"Nini hiki, Rhimo?"

"Mali ya mwanao."

"Mwanamke, sukari ikishaingia ndani haitoki. Unatutia aibu sote."

"Niliipokea ya mgonjwa. Imefika mahakamani imekuwa ya msamaha. Na mgonjwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza."

Fakihi akasema, "Bibi, subira ni nusu ya imani." Nikamwambia, "Fakihi, wewe punda alipokuangushia ukuta ulidai mawe yote." Muuza vitunguu akacheka, akaziba mdomo.

Bushta akaigusa ile leso kwa fimbo. Akafurahi, nilimwona. "Huu umevunjika. Cha watu hurudishwa kizima. Hujarudisha kitu, chukua mzigo wako uende."

Hasnaa, nilikuwa sijaandaa neno. Lilikuja lenyewe.

"Bushta, binti yangu alitoka hapa mzima. Mwanao alimchukua mkononi mwangu mzima, mbele yenu ninyi nyote. Mlinirudishia vipi?"

Hata wale wanaopigia kelele bei za kuku waligeuka. Nikamshika punda kamba. Nikamwegemea kana kwamba namvuta.

Tamu alikuwa upande wa mayai. Alikuja akanikazia kamba ya tandiko, nayo haikuwa imelegea. Hakunitazama. Akasema, "Sukaina atakuja nyumbani Ijumaa." Akarudi kwenye mayai yake.

Sijui Ijumaa itazaa nini. Nakwambia yaliyotokea tu, na safari hii nimeyaandika yote.

Rhimo wako, ukinitaka


Tanja, 16 Aprili 2013

Shangazi wangu,

Salamu, na mkono wako naubusu mara mbili, ule ulioipokea na ule ulioirudisha. Duha anapanda kila kitu. Jana nilimkuta ndani ya beseni la kukandia mkate, amekaa kama bibi harusi.

Nisamehe kimya. Nilitaka nikuandikie nikiwa na mwisho mkononi.

Mwezi wa tatu Sukaina alikuja. Aliingia mahakamani na jalaba la mama yake, limempwaya, nikajua Tamu kamvalisha mwenyewe. Hakimu akamuuliza nani alitoa kifuniko cha mashine ya Hasnaa. Akasema, "Hasnaa."

Yule wakili wa nywele za mafuta akatabasamu.

"Na changu nilikitoa mimi," Sukaina akaendelea. "Kila mmoja alitoa chake, mheshimiwa, kwa bisibisi aliyotupitishia Bwana Layashi. Alisema asiyetaka kufungua skrubu akafungue mlango aende kwao. Hasnaa alikuwa wa mwisho kuipokea. Aliuliza, 'Na mkono je?' Akajibiwa, 'Mkono ni wako, uchunge.'"

Ndiyo, Shangazi. Mkono uliofungua ndio uliokatwa vidole. Sikukuandikia hilo, wala kwa Bi Lubna sikulisema vizuri. Niliogopa mngeniona mjinga. Nawe ulificha minne, nami nilificha skrubu, na wote wawili tulidhani tunamlinda mtu.

Jana hukumu imesomwa. Hakimu amesema aliyeamriwa si mzembe, kosa ni la kiwanda, nami nilipwe pensheni ya ajali kila robo mwaka, bila kukatwa. Si nyingi. Mfaddal alinishika bega mbele za watu, kitu ambacho hajawahi. Tulipofika ngazini Bi Lubna akatuambia kiwanda kitakata rufaa, na rufaa ni mwaka, pengine miwili. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, Duha akakaa pembeni yangu. Nilitaka kulia nikaona uvivu. Sasa natafuta cherehani ya mtumba kwa mkopo. Sitaingoja rufaa.

Jioni Sukaina alibisha mlango. Mkataba wake umeisha mwezi huu, hawakuuendeleza, na hakuna aliyemwambia sababu. Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Usijipe ukubwa, ni Layashi." Akamvuta Duha, akamfunga vifungo vyote vya gauni, kimoja kimoja, bila kuombwa. Kisha akalitazama birika.

"Sukari ya wapi hiyo?"

"Ya duka la chini. Nimeinunua mwenyewe."

Akanisogezea kikombe. "Basi nitilie nyingi."

Zeituni zikichanua funga mlango uje. Panda gari la Allal, ukae mbele, mwambie nitamlipa mimi. Mlete mbuzi ukitaka. Lete umbea wote wa soko, na ule wa ukuta wa fakihi.

Sukari acha. Ipo.

Hasnaa wako